Dhoruba ya baridi Texas: mwongozo kamili wa kuokoa mabomba na kulala salama bila umeme

Kila baridi kali ikishapita Texas, habari ninazozisikia kutoka kwa ndugu zetu wa Houston, Fort Worth, Austin na Amarillo ni zilezile mbili. Bomba limepasuka darini, maji yameshuka hadi kwenye magodoro. Au familia nzima imeamka na vichwa vinagonga, mtoto anatapika, kwa sababu jiko la mkaa liliingizwa ndani. Mikate walinunua, maji ya chupa walinunua, lakini kazi yenyewe haikufanyika.

Tunajiandaa kwa theluji, ilhali kinachotuumiza huku ni kukatika kwa umeme. Nyumba ya Texas imejengwa kukabili joto la Agosti. Mabomba yake mara nyingi yamepita darini na ndani ya kuta za nje, na zaidi ya nusu ya nyumba hupashwa joto kwa umeme. Umeme ukienda, joto nalo linaondoka, na maji yanaganda yakiwa ndani ya ukuta usiouona.

Kwa hiyo kanuni ni moja: fanya kila kitu ukiwa bado na umeme, ukichukulia kwamba utakatika usiku wa manane na hautarudi kwa siku tatu. Si kutishana. Februari 15, 2021, shirika linalosimamia gridi ya jimbo, ERCOT, lilianza kuagiza umeme ukatwe muda mfupi baada ya saa 7 usiku, watu wakiwa wamelala. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zikawa gizani, nyingine kwa siku kadhaa mfululizo.

Simu za huku zinaonyesha Farenhaiti, kwa hiyo shika namba hizi mbili. 32°F ni nyuzi sifuri, maji yanaanza kuganda. 20°F ni nyuzi 7 chini ya sifuri, na hapo ndipo mabomba yasiyofunikwa yanapoanza kuwa hatarini kweli. Mwaka 2021 Dallas ilishuka hadi 2 chini ya sifuri ya Farenhaiti, yaani nyuzi 19 chini ya sifuri kwa kipimo tulichozoea nyumbani.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya Desemba

Nunua mapema. Utabiri ukishatangazwa, rafu za maduka huisha ndani ya siku moja, na kinachoisha kwanza ni vifuniko vya bomba.

- Kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri, angalau moja kwa kila ghorofa, karibu na vyumba vya kulala. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu kwenye orodha hii, nunua hiki.
- Vifuniko vya sponji vya koki za nje, na mirija ya sponji ya kuvalisha mabomba yaliyo wazi.
- Ufunguo wa kufungia maji kwenye mita, ule mrefu wenye umbo la T, pamoja na spana.
- Maji ya kunywa: galoni moja, karibu lita 4, kwa kila mtu kwa siku. Weka ya siku tatu hadi saba.
- Ndoo, madumu na beseni kubwa za maji ya choo.
- Tochi za betri, moja kwa kila mtu. Mishumaa iache: mwaka 2021 watu walikufa kwa moto pia.
- Pawabanki mbili zilizojaa chaji, na redio ndogo ya betri.
- Chupa za chai zote ulizonazo. Kazi yake utaiona mbele.
- Blanketi, mablanketi ya sufi, kofia, soksi nzito, glavu. Vitenge na kanga vinafaa kwa kuziba madirisha na milango.
- Dawa za kila siku za siku saba, maziwa ya mtoto, nepi.
- Chumvi ya kumwaga kwenye ngazi. Mchanga wa kawaida, au ule wa choo cha paka unaouzwa madukani, pia hufaa kuzuia kuteleza.

## Hatua ya 1: Jua maji yako yanafungwa wapi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayotofautisha hasara ya ndoo mbili na hasara ya nyumba nzima.

Kwenye nyumba ya kujitegemea kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni sanduku la mita karibu na barabara, chini ya kifuniko kilicho sawa na ardhi. Ya pili, kama ipo, ni koki kuu ya nyumba: inaweza kuwa ukutani, gereji, au kwenye kisanduku kidogo uani. Itafute mchana, siku ya jua. Ifunge, fungua bomba la jikoni, hakikisha maji yanakata, kisha ifungue tena. Waonyeshe watu wazima wote wa nyumbani, na vijana pia.

Ukiishi kwenye apatimenti, nenda ofisini ukaulize maswali matatu: maji ya nyumba yangu yanafungwa wapi, namba ya fundi wa dharura ya usiku ni ipi, na mkikata maji ya jengo zima mtatujulisha vipi. Uliza kwa barua pepe ili ubaki na ushahidi.

Kama nyumba yako ni ile ya treila iliyoinuliwa juu ya ardhi, bomba zako zinapita chini ya sakafu na upepo unazifikia moja kwa moja. Zivalishe sponji na uzibe uwazi wa pembeni kabla ya majira ya baridi kufika.

Umefaulu ikiwa unaweza kutoka kitandani gizani, ukiwa na tochi tu, na kuyafunga maji bila kumpigia mtu simu.

## Hatua ya 2: Soma tahadhari, kisha amua mapema kubaki au kuondoka

Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutuma maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Ukiona "Watch" kwenye simu, maana yake dhoruba inawezekana: anza hatua ya 3. Ukiona "Warning", dhoruba inakuja au imeshafika: kazi zote za nje ziwe zimekwisha.

Uamuzi wa kuondoka hufanywa kabla mvua haijaanza kuganda. Ukisubiri umeme ukatike, barabara zitakuwa kioo. Februari 11, 2021, siku chache kabla ya theluji kubwa, mvua nyepesi iliyoganda kwenye barabara ya I-35W mjini Fort Worth ilisababisha magari zaidi ya 130 kugongana asubuhi moja. Watu 6 walikufa, na wengi waliokuwa barabarani walikuwa wafanyakazi wa kawaida wanaokwenda au kutoka kazini.

Hawa wasibaki kwenye nyumba inayotegemea umeme peke yake: mtoto mchanga, mzee, mama aliyejifungua karibuni, mtu anayetumia mashine ya oksijeni, na mgonjwa wa figo anayesafishwa damu. Wahamishie kwa ndugu au jirani wa kanisani au msikitini mwenye jiko la gesi na mahali pa moto penye dohani panapofanya kazi, au mwenye jenereta inayotumiwa salama. Mgonjwa wa figo apigie kituo chake simu siku mbili kabla aombe kusogezewa zamu. Mwenye mashine ya kumsaidia kuishi ajaze mapema, pamoja na daktari wake, fomu ya wagonjwa mahututi ya kampuni inayoleta umeme nyumbani. Lakini fahamu vizuri: fomu hiyo haizuii umeme kukatika. Bado anahitaji mpango wa pili.

Piga 211 kuuliza mahali pa kujipasha joto palipo wazi karibu nawe. Kama Kiingereza kinakutatiza, sema neno moja, "Swahili", na usubiri mkalimani. Fanya vivyo hivyo ukipiga 911.

## Hatua ya 3: Kazi ya mabomba, saa 24 kabla

Hapa tulia. Ukiielewa sababu, hutahitaji kukariri.

Maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9. Lakini mara nyingi bomba halipasuki pale penye barafu. Barafu inapokua ndani ya bomba, inayasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayo hayana pa kwenda, shinikizo linapanda, na bomba linaachia mahali pengine kabisa. Ndiyo maana tunaacha koki ikitiririka: kazi yake kubwa ni kulipa shinikizo njia ya kutokea.

Nje. Chomoa mpira wa kumwagilia bustani kwenye koki. Watu wengi huvalisha kifuniko juu ya koki na kuuacha mpira umechomekwa, na mpira huo unayafungia maji ndani ya bomba linaloingia ukutani. Mwaga maji ya mpira, uweke gereji. Kisha funika koki kwa kifuniko cha sponji. Kama hukipati, funga taulo kavu, juu yake mfuko wa plastiki, kisha kaza kwa tepu pana. Taulo likilowa halina faida, kwa hiyo plastiki lazima iwe juu.

Darini na gereji. Valisha sponji kila bomba unaloliona, hasa kwenye kona na maungio. Funga mlango wa gereji na uache umefungwa. Kama hita yako ya maji ni ile ndogo isiyo na tangi, iliyotundikwa ukuta wa nje, jua kwamba kinga yake dhidi ya kuganda inategemea umeme. Soma kitabu chake leo ujue namna ya kuitoa maji.

Ndani. Fungua milango ya makabati ya chini ya sinki zilizo kwenye kuta za nje, ili hewa ya joto iyafikie mabomba. Kwanza ondoa sabuni na dawa za kusafishia kama una watoto.

Kutiririsha. Fungua koki iliyo mbali zaidi na pale maji yanapoingilia nyumbani, na zile za kuta za nje. Fungua upande wa moto na wa baridi pia, kwa sababu ni mabomba mawili tofauti. Ukitiririsha la baridi tu, la moto linaweza kupasuka. Uzi mwembamba wa maji usiokatika unatosha. Weka ndoo chini uyakinge: ndiyo maji ya choo ya kesho.

Sasa tahadhari. Mji mzima ukifungua koki kwa nguvu, matangi ya jiji yanakauka. Mwaka 2021 miji mingi ya Texas ilipoteza shinikizo la maji, na watu karibu milioni 15 wakaambiwa wachemshe maji ya kunywa. Baadhi ya miji huwaomba wakazi wasitiririshe kabisa. Sikiliza tangazo la mji wako, na usizidishe uzi ule mwembamba.

Kufunga na kumwaga. Hii ndiyo njia ya kufuata kama mji umekataza kutiririsha, kama unaondoka, au kama umeme umeshakatika na ndani kumeanza kuganda. Kwanza zima hita ya maji: ya umeme kwenye swichi yake kuu, ya gesi kwenye kitasa chake. Tangi likipungua maji huku hita ya umeme inawaka, kipashio cha ndani yake kinaungua. Funga maji kwenye koki kuu. Fungua koki zote za ndani, ukianzia juu na kumalizia ya chini kabisa, kisha za nje. Vuta maji ya vyoo. Ziache koki wazi kidogo.

Usisahau kwamba ndani ya tangi la hita yako kuna galoni 40 hadi 50 za maji, karibu lita 150 hadi 190. Likishapoa, unaweza kuyatoa kwa koki ndogo ya chini ya tangi. Kwa familia ya watu sita hiyo ni akiba kubwa ambayo wengi hawajui kuwa wanayo.

Umefaulu ikiwa hakuna mpira nje, kila koki ya nje imefunikwa, na ndani kila bomba ama linatiririka uzi, ama halina maji kabisa. Bomba lililojaa maji na kufungwa ndilo linalopasuka.

## Hatua ya 4: Jioni ya mwisho yenye umeme

Pika sasa. Ugali na maharage ni chakula kizuri, lakini bila moto havipikiki. Chemsha maharage, pika chapati na mandazi, chemsha mayai, weka karanga, ndizi na mkate karibu.

Kabla ya kulala, jaza chupa zote za chai maji ya moto yaliyochemka. Usiweke chai ya maziwa kwenye zote. Maji matupu yana kazi nyingi. Asubuhi yatakupa uji wa mtoto, chai, na chupa ya kupasha miguu ya mzee. Kazi ya dakika 15, na kama umeme utakatika saa saba usiku utamshukuru Mungu uliifanya.

Chaji simu zote, pawabanki, na tochi za kuchaji. Jaza beseni la kuogea maji, kama hakuna mtoto mdogo anayeweza kutumbukia. Choo cha kawaida cha huku kinahitaji karibu lita 6 kwa mkupuo: mimina kwa ndoo moja kwa moja kwenye bakuli la choo, kitajivuta chenyewe.

Pasha nyumba joto kidogo zaidi ya kawaida mchana kabla ya dhoruba, kisha jioni, gridi inapoelemewa, rudisha hadi 68°F kama mamlaka zinavyoomba. Ukitumia hita ndogo ya kuchomeka, ichomeke moja kwa moja ukutani, kamwe si kwenye waya wa kuongezea, na iwe mita moja mbali na pazia, kitanda na nguo.

## Hatua ya 5: Tengeneza chumba kimoja

Huwezi kupasha nyumba nzima kwa miili ya watu. Chumba kimoja unaweza.

Chagua kidogo, kisicho na madirisha mengi, na kama inawezekana kisicho na ukuta wa nje upande wa kaskazini. Tundika blanketi kwenye dirisha, toka juu hadi sakafuni. Kunja kitenge au taulo uzibe chini ya mlango. Mchana, jua likitoka, fungua pazia la upande wa kusini, kisha lifunge kabla halijazama.

Baridi ya sakafuni hupuuzwa. Tandika makatoni, juu yake zulia au mablanketi, kisha godoro. Ndani ya chumba unaweza kuweka hema la kupigia kambi, au kutandaza mablanketi juu ya meza na kulala chini yake. Hewa kidogo hupata joto upesi.

Vaa nguo nyepesi nyingi badala ya koti moja zito, na zikilowa kwa jasho zibadilishe. Kofia usiku, hata ndani ya blanketi. Mtoto mchanga asilazwe katikati ya watu wazima chini ya mablanketi mazito, anaweza kukosa pumzi. Mvalishe tabaka, mweke kwenye kilalio chake ndani ya chumba hichohicho, na umpashe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, ukiwa macho.

## Hatua ya 6: Umeme umekatika. Saa ya kwanza

Zima hita, jiko, kompyuta na televisheni kwenye swichi zake. Umeme ukirudi hurudi kwa kishindo na unaweza kuviunguza, na mtaa mzima ukivuta umeme kwa pamoja unaweza kukatika tena. Acha taa moja ikiwa imewashwa ili ujue umerudi.

Hamia chumba kimoja mara moja. Usingoje kusikia baridi. Funga milango ya vyumba vingine. Usifungue friji: likifungwa linahifadhi chakula kwa saa 4 hivi, na friza iliyojaa hufika saa 48. Punguza mwanga wa simu, tuma ujumbe badala ya kupiga.

Mgongee jirani mlango, hasa mzee anayeishi peke yake. Mwaka 2021 idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246, na vingi vilitokana na baridi yenyewe, watu wakiwa ndani ya nyumba zao.

## Hatua ya 7: Usiingize moto unaoua

Hapa naomba usome polepole, na umsomee mwenzako asiyesoma.

Wengi wetu tumekulia sehemu za baridi: Limuru, Njombe, Arusha, Bukavu, Butembo. Tumeona jiko la mkaa, au mbabula, likiingizwa chumbani jioni. Na huko pia watu hufa nalo, ila hatukuambiwa kwa nini. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu, haina rangi, haikoholeshi. Inashika damu mahali pa oksijeni, mtu anasinzia, basi. Nyumba za Texas hufungwa vizuri zaidi kuliko nyumba nyingi za kwetu, na tukiziba milango kwa vitenge tunazifunga zaidi. Katika vifo vile vya 2021, 19 vilitokana na gesi hii.

Kwa hiyo:

- Mkaa, kuni (isipokuwa za mahali pa moto penye dohani) na jiko la kuchomea nyama haviingii ndani, hata mlangoni, hata kwenye baraza lililozungukwa, hata kama moto umebaki makaa tu. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hatari zaidi kwa sababu hayakuonyi.
- Kufungua dirisha kidogo hakutoshi.
- Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, moshi ukielekea mbali na milango na madirisha. Gereji si nje.
- Usiwashe gari ndani ya gereji ili kujipasha joto au kuchaji simu, hata mlango mkubwa ukiwa wazi. Litoe kabisa nje, na uondoe theluji kwenye bomba la moshi.
- Oveni ya gesi isitumike kupasha chumba. Plate za juu za jiko la gesi zitumie kupikia kwa muda mfupi, kisha uzime.

Dalili ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Hufanana na mafua, lakini bila homa, na huwapata watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja. Ukiziona, au kengele ikilia, usitafute chanzo. Toa kila mtu nje kwenye baridi, hesabu watoto, piga 911, na usirudi ndani mpaka zimamoto waseme. Baridi ya dakika kumi inavumilika.

Umefaulu ikiwa kengele imejaribiwa leo kwa kubonyeza kitufe chake na ikalia, na mkaa wote uko nje ya nyumba.

## Hatua ya 8: Mwili uliopoa kupita kiasi

Joto la mwili likishuka chini ya 95°F, nyuzi 35, ni dharura. Anza kuwa na wasiwasi mtu akitetemeka bila kuacha, akiongea kama mlevi, akiangusha vitu, akichanganyikiwa. Akiacha kutetemeka huku bado ni baridi na anasinzia, usifurahi. Hali imezidi kuwa mbaya. Mtoto mchanga huonyesha ngozi nyekundu na baridi, na ananyamaza kupita kawaida.

Piga 911. Mvue nguo zilizolowa, mpashe kwanza kifua, shingo na kichwa kwa mablanketi makavu na kwa mwili wako. Akiwa macho mpe kinywaji cha vuguvugu chenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, usimweke kwenye maji ya moto, na pombe asipewe kabisa.

## Hatua ya 9: Barafu inapoanza kuyeyuka

Watu hulegeza hapa, na hapa ndipo mafuriko ya ndani hutokea. Bomba lililopasuka usiku wa baridi halivuji likiwa limeganda, kwa sababu barafu imeziba ufa. Jua likitoka, maji yanamwagika. Siku hiyo mtu mzima mmoja abaki nyumbani.

Koki isiyotoa maji, ilhali jirani anapata, ina barafu njiani. Funga koki kuu kwanza, acha ile koki iliyoganda wazi, kisha umeme ukiwepo yeyusha kwa mashine ya kukaushia nywele, ukianzia karibu na koki na kurudi nyuma taratibu. Usitumie moto wa aina yoyote, na usitumie umeme ukisimama kwenye maji.

Kama ulifunga maji, yafungue kidogo kidogo. Robo ya koki, subiri, tembea nyumba nzima ukisikiliza kuta, tazama dari. Tangi la hita lijae kabisa, mpaka koki ya moto itoe maji mfululizo bila kukoroma, ndipo uwashe hita. Kisha funga koki zote za ndani uende kwenye mita: mita nyingi zina alama ndogo ya pembetatu au gurudumu. Kila kitu kikiwa kimefungwa, alama hiyo isimame. Ikizunguka, kuna mahali maji yanavuja. Funga na uite fundi mwenye leseni.

Mji ukitangaza kuchemsha maji, yachemshe yakitokota kwa nguvu dakika 2, kisha yapoe. Haya ndiyo ya kunywa, kupigia mswaki, kuoshea matunda na kutengenezea maziwa ya mtoto, mpaka tangazo liondolewe rasmi. Chakula cha friji kilichokaa juu ya 40°F kwa zaidi ya saa 2 kitupe, nyama na maziwa hasa, hata kama kinanuka vizuri.

Kama kuna uharibifu, piga picha kabla ya kusogeza chochote, na video ikiwa maji bado yanamwagika. Mpangaji, mwandikie mwenye nyumba siku hiyohiyo ukieleza chumba gani, saa ngapi, na nini kimelowa. Simu peke yake haiachi ushahidi. Mwenye bima apige simu kabla ya kumwita fundi wa matengenezo makubwa, atunze risiti za taulo, ndoo na hoteli, na usisaini karatasi ya mtu aliyebisha hodi akitaka alipwe yote kabla ya kazi.

Zulia lililolowa liondolewe au likaushwe ndani ya siku moja hadi mbili, kwa sababu baada ya hapo ukungu huanza kuota, na ukuta ulionyonya maji ukatwe na fundi mpaka pafike pakavu.